Siku Mwalimu Kamande Alipofundishwa Jina

Enzi zetu pale Kiganjo, king'ora cha viwandani Thika ndicho kilichotuamsha. Tulifika shuleni sweta zikinuka moshi wa stovu, githeri ya saa saba, mahindi na maharagwe, ikiwa bado moto kwenye mkebe, na kabla ya lolote Mwalimu Kamande alifungua rejista. Wanjiku, Mwangi, Njeri: hayo yalimtoka mdomoni bila shida. Kisha akaja Zuleikha.

Baba yake alifanya kazi kiwanda cha nguo, nao walikuwa wamehamia kutoka Witeithie. Tulikaa deski moja.

"Sureka!" mwalimu akaita.

Darasa likaangua kicheko, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Zuleikha hakuitika. Akaandikwa hayupo, naye amekaa pale pale. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mwalimu akasimama mbele yake.

"Kwani wewe si Sureka?"

"Hapana, mwalimu. Naitwa Zuleikha. Ni jina la nyanya yangu."

Tulijua kiboko kinakuja. Enzi hizo nani alimsahihisha mwalimu? Lakini Mwalimu Kamande aliiweka rejista mezani.

"Haya, nifundishe."

Akajaribu. "Sureika." Nikacheka tena, mkono mdomoni.

"Wairimu, simama. Wewe unayejua, hebu liseme."

"Su... Sureika," nikasema. Safari hii hakucheka mtu. Nilitamani sakafu inimeze. Nilimtazama Zuleikha, nikaona macho yamemjaa machozi, na ndipo nikajua kwamba siku zote tatu nilikuwa nikimcheka nyanya ya mtu.

Wakati wa mapumziko nilimgawia githeri yangu, nikamwomba anifundishe. "Zzz, kama nyuki," akasema. Tukazunguka uwanja mzima tukivuma. Jumatatu mwalimu akafungua rejista, akavuta pumzi, akaita polepole: "Zu-lei-kha."

"Nipo, mwalimu!" Sauti ile nadhani ilisikika hadi barabarani. Tulipiga makofi, na mwalimu mwenyewe akapiga pia.

Siku hizi naishi Ruiru. Shule ya mwanangu ina kompyuta, na vijana wetu hawa wajanja wanajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya, tena kwa lafudhi. Juzi nilimuuliza anakaa na nani darasani.

"Kibe."

"Kibe ndilo jina lake?"

"Zii, mum, tunamuita tu hivyo."

"Na jina lake hasa?"

"Aki sijui."

Wamekaa deski moja miaka mitatu.