Papa Athanase na Wanyama Wasioliwa

Mimi Magdalene sijui kuficha dharau, na ya alpaka sikuificha hata siku moja. Mnyama ana shingo ya ngamia, manyoya ya kondoo na maringo ya bibi harusi. Hakamuliwi, halimi, hata mzigo habebi. Halafu anatema watu mate! Na mtu mzima, Papa Athanase wa kanisani kwetu Nechells, anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kumhudumia.

Kwao Masisi, Kongo, alikuwa na ng'ombe arobaini, hiyo kila mtu anajua. Hapa Birmingham wenzake walipata kazi za maana, kwenye maghala, kutunza wazee, yeye akaenda kujizika kwenye shamba la alpaka la mama mmoja, Pallavi, nje ya mji. Wakati wa baridi anazoa mavi kwenye matope na kudunga sindano za vitamini. Baridi ikipungua, anakata kucha. Kucha, jameni! Nilimuuliza kama anazipaka rangi pia. Akacheka tu, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

Mwezi wa sita Pallavi akamwambia alete watu wa kusaidia siku ya kunyoa manyoya, kwa sababu fundi wa kunyoa huja mara moja tu kwa mwaka. Huyo mama, ambaye kumbe nyama haigusi kabisa, alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia kundi lote pamoja na nyumba ndogo ya pale shambani, na siku hiyo ndiyo angeamua. Papa Athanase aliitaka hiyo nafasi mpaka akawa anafunga na kuiombea. Akasimama kanisani akatangaza: "Siku ya posho iko kazi ya nyama kule kwa shamba. Mukuje munisaidie."

Sasa, kwao mnyama pia huitwa nyama, na mwaliko kama huo nani hajui maana yake? Ukiitwa kwa kazi ya mifugo ya mtu, mwisho wa kazi unakula nyama. Jumamosi, ndiyo hiyo posho yake, tulifika na sufuria mbili, gunia la makaa, pilipili, na Emery, mchomaji nyama wa kanisa, na visu vyake vitatu amevinoa. Mimi nilibeba unga wa ugali.

Tulikuta alpaka wa kwanza ashalazwa kwenye mkeka, kamba miguuni, amevalishwa soksi mdomoni asiteme mate. Pallavi akaviona visu. Akauliza ni vya nini, na Emery, bila haya, akamwonyesha alpaka mnene kuliko wote.

Uso wa yule mama! Akamwambia Papa Athanase kwamba hawezi kuwaacha wanyama wake mikononi mwa watu kama sisi. Papa Athanase alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha yule alpaka. Alielewa vizuri, ila Kiingereza cha kujibu hana. Nafasi ilikuwa imempotea kwa sababu ya matumbo yetu.

Mtu mwingine angenyamaza. Emery wapi! "Papa Athanase, ulikuwaka na ngombe makumi ine. Leo unavalisha kanyama soksi?" Tukaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote.

Papa Athanase hakuinua kichwa. "Ngombe zangu balizichinja zote siku moya," akasema, "mbele ya macho yangu. Hizi hapa hakuna mutu atazichinja. Njo maana niko hapa."

"Amesema nini?" Pallavi akaniuliza, maana mimi ndiye nesi, mimi ndiye wa Kiingereza. Nikamweleza neno kwa neno. Miaka tisa nimemjua huyu mzee, na sikuwahi kumuuliza wale ng'ombe walienda wapi.

Pallavi akamtazama mzee na yule alpaka. Kisha akasema, "Mwambie ahamie Jumatatu."

Nikamwambia. Aliitikia kwa kichwa, hata hakutabasamu. "Mama Magda," akasema, "kuja ushike miguu ya nyuma. Polepole, hii nyama iko naogopa."

Nikapiga magoti kwenye mavi, nikashika.