Karoti za Soko Kwenye Tuta la Keza

Tulipokuwa watoto kule Goma, udongo ulikuwa kitu cha kubebwa kichwani. Wenzangu mliolelewa upande ule wa mpaka mnajua ninachosema. Uwanja wa nyumba yetu ulikuwa jiwe tupu, lile jiwe jeusi la volkano linalokata miguu, na aliyetaka hata shina moja la lengalenga, mchicha wa kwetu, alianza kwa kutafuta mahali pa kulisimamisha. Siku hizi naishi Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa mwanangu Patrick, juu ya udongo ambao ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya inaota, na mwezi huu wote nimekuwa na hasira. Sitaificha. Naanza na enzi zetu ili mjue hasira hiyo inatoka wapi.

Jumapili baada ya misa mama alitubadilisha nguo, akatugawia makopo ya maziwa ya unga, akatupeleka njia ya mlimani, kule ambako mvua ilikusanya udongo kando ya barabara. Kwenda kulikuwa mchezo, kurudi kulikuwa mashindano: kopo kichwani, mikono mgongoni, na anayemwaga anarudi nyuma ya mstari. Mimi nilimwaga kila mara kwa sababu kaka yangu Deo alitembea mbele yangu akimwigiza padri wetu, tumbo mbele na shingo nyuma. Tulifika nyumbani na udongo masikioni, shingoni, mpaka ndani ya pua. Hakuna aliyetukimbiza bafuni na dawa ya kuua vijidudu.

Katika lile jiwe kulikuwa na mashimo, mengine madogo kama bakuli, mengine mapana kama karai. Kila mtoto wa kwetu akianza kung'oka meno ya utoto alipewa shimo lake. Udongo ujaze mwenyewe, maganda ya viazi utafute mwenyewe, na mbolea ukimbilie ng'ombe barabarani na kipande cha bati kabla watoto wa jirani hawajakuwahi. Tulipigania mavi ya ng'ombe jinsi watoto wa leo wanavyopigania simu ya baba yao. Mama alikuwa na sheria zake, alizisema akiwa ameinama juu ya sufuria bila hata kututazama.

"Kila mutu na shimo yake. Ya mwenzako usiguse. Yako ikikauka, usikuje kulia kwangu."

Boga langu lilikauka, nikaenda kulia kwake hata hivyo. Akanipa kopo, akanionyesha pipa la maji.

Kopo lenyewe tulilitoboa matundu kwa msumari, na hiyo ndiyo ilikuwa mvua yetu. Mmoja alinyesha, wengine walipita chini yake wakipiga kelele, na maharage yakapata yaliyobaki. Tulisaka viwavi kwenye majani na kuwapelekea kuku, tukawa tunabishana nani kaleta mnene zaidi. Koti kuukuu la baba tulilivisha mti ili kutisha ndege, na kila asubuhi tulipokwenda shule tulilisalimu, "Bonjour, Monsieur," kwa heshima kubwa kuliko tuliyompa mwalimu. Halafu ilikuja siku ya kuvuna. Mavuno ya shimo lako yalipikwa kwenye chungu kidogo peke yake, na wewe ndiye uliyepakua, ukianzia kwa baba. Hata yawe maharage ya kujaza kiganja, baba aliletewa yake matano, akayala mojamoja, akasema asante. Sijawahi kuwa mkubwa tena kama nilivyokuwa nikiwa nimeshika ule mwiko.

Deo alikuwa na akili ya aina yake. Katika shimo lake la kwanza alizika bonbon, peremende ya dukani. Alimwambia kila mtu mtaani kwamba atagawa matunda yake bure, ila kwa watu wa tabia nzuri. Alimwagilia, alilinda, alifukuza kuku. Mama alipita hapo kila siku na kapu la soko, na kama angetaka angefunga bonbon mbili tatu kwenye kijiti, mtoto akafurahi, mambo yakaisha. Hakufanya hivyo. Alimwacha mpaka sisimizi walipofunga safari kutoka pande zote, kisha akachuchumaa pembeni yake. "Deo, bonbon haiotake. Shika hii haragi." Deo alilia hadi jioni, na harage akalipanda.

Sasa njooni Gisenyi. Patrick ana kazi nzuri ya ofisi, ana nyumba nzuri, na uwanja wake wote ameufunika kwa matofali ya saruji ili gari lisichafuke. Nilipowahi kuuliza watoto watacheza wapi, mkwe wangu Solange alinionyesha kona yenye majani ya plastiki ya kijani. Majani ya plastiki, hapa wilayani Rubavu, ambako usipofyeka wiki moja majani yanaingia dirishani. Lakini nyumba ni yao. Nyuma ya jiko palibaki ukanda mwembamba karibu na tangi la maji, na huo niliuomba.

Niliuomba kwa ajili ya Keza, mjukuu wangu anayeniita Tate. Anakaribia miaka sita na jino la kwanza lilikuwa limeanza kutikisika, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu wakati wake ulikuwa umefika. Siku ya kwanza alishika udongo kwa vidole viwili kama anashika panya. Ya pili alikuwa amekaa chini. Tulichora tuta, tukapanda karoti, tukangoja mvua. Kila asubuhi kabla ya gari la shule kufika alikimbia nyuma ya jiko akiwa na mkoba mgongoni, na kama nimechelewa kuamka aliniletea habari kitandani. Tulipozipunguza zilizosongamana alilia kwa ajili ya zile tulizong'oa, ikabidi tuzipanguse kwenye kitenge changu tuzile zote pale pale, nyembamba kama njiti za kiberiti, ndipo akanyamaza. Alimwambia mlinzi wa nyumba kwamba asikanyage hapo, hapo ni kwake.

Siku yake ya kuzaliwa ikakaribia. Solange alikuwa ameona kwenye simu watoto fulani waliovaa kofia na buti wakivuna mboga, akasema nasi tufanye sherehe ya mavuno. Nawaambia kweli, nilifurahi. Nilidhani hatimaye mtu katika nyumba hii amenielewa. Karoti za Keza zilikuwa zimefika unene wa kidole chake, bado changa, lakini zingetosha kila mgeni kung'oa moja.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mimi na watu wa mtaa tulikwenda kuzibua mifereji, na Keza alipelekwa kusukwa nywele. Niliporudi, nikaoga, nikavaa, wageni walikuwa wameshaanza kuingia. Watoto walikuwa wamevalishwa kofia za majani na glavu za plastiki, ati udongo usiwaguse, wakaongozwa nyuma ya jiko na Patrick akitangulia na simu yake. Nikaona tuta. Majani yake yalikuwa makubwa, yamelegea, yamelala upande. Keza akashika shina la kwanza, akavuta, zikatoka karoti nne pamoja, nene, zilizooshwa zikang'aa, zimefungwa kwa ile kamba ya mgomba ambayo akina mama wa soko hufungia mafungu yao.

Watu wazima walicheka. Keza hakucheka.

"Papa, zangu ziko wapi?"

"Njo hizi, chérie. Zimekomaa."

"Zangu zilikuwa tudogo."

"Zilikomaa wakati ulienda kusukwa."

Mtoto mmoja mgeni, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema, "Mama yangu ananunuaka hizi kwa soko." Mtu akasema simameni vizuri, tupige picha. Wakasimama. Picha hiyo ipo, imetumwa kwa ndugu wote mpaka walio Ulaya, na ukiitazama utaona watoto wote wanatazama simu isipokuwa mmoja, anayetazama kamba mkononi mwake.

Nilingoja wageni waondoke, maana nimelelewa. Nikamuuliza mlinzi karoti za mtoto ziko wapi. Akainamisha kichwa, akasema patron, yaani Patrick, alimwambia azing'oe, naye akazipatia sungura wa jirani. Nikaenda sebuleni kwa Patrick.

"Mama, ni karoti tu," alisema. "Zile zilikuwa mbaya, zinatia haya mbele ya watu. Batoto bamefurahi. Unakasirika juu ya nini?"

"Ulimudanganya mutoto ndani ya shamba yake."

"Bon, nitamununulia zingine."

Mtu mzima, niliyemzaa mimi, aliyekula maharage ya mikono yangu, alidhani jambo hilo lina bei. Ningekuwa na mwiko karibu sijui kama ningejizuia. Solange akasema kwa upole kwamba enzi zetu tulilima kwa sababu ya shida, na wao wanataka watoto wafurahie tu. Kufurahia. Kana kwamba sisi chini ya ile mvua ya kopo tulikuwa tunaomboleza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, Solange, na jioni yake tulikula tulichochekea. Nyinyi mmemvika mtoto glavu, mkamnyang'anya karoti zake, mkampiga picha, mkaita furaha.

Nililala na hasira, nikaamka nayo, na kusema kweli bado ninayo. Lakini hasira haikuzi mtoto. Nilipasafisha pale nyuma ya jiko, nikamwita Keza, nikamwambia tupande maharage, yenyewe hayachelewi. Alikuja kwa adabu. Alipanda niliposema apande, akamwaga maji niliposema amwage, akauliza kama amemaliza. Asubuhi zilizofuata gari la shule lilimkuta mlangoni, mkoba mgongoni, ametulia kama abiria. Nilikwenda kuangalia peke yangu.

Mvua ilinyesha vizuri, na asubuhi moja nikakuta harage la kwanza limepasua udongo, limeinama bado, ganda likiwa limekwama kichwani kama kofia. Nilimwita kwa sauti ambayo sijaitumia tangu Goma. Akaja. Akachuchumaa, akalitazama muda mrefu.

"Tate, ni nani ameiweka?"

"Hakuna mutu. Imeota yenyewe. Ni ile ulipanda."

"Haiko Papa ameiweka?"

"Haiko Papa, mama. Ni yako."

Enzi zetu jani la kwanza likitokea tulipiga kelele hadi majirani wakaacha kazi zao kuja kuona, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza nani kalileta. Mjukuu wangu alinyoosha mkono, akapitisha kidole kuzunguka lile shina, polepole, akitafuta kamba.