Wali wa Mgeni wa Ziwani

Kama umezoea kucheka watu wakisimulia mambo ya mashetani, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nilikuwa macho, jua liko juu, na wali ulioliwa niliupika mimi.

Mama yangu alikuwa amekataa kula. Tulirudi kwetu Olumbi kutoka ukimbizini, na mdogo wangu wa kiume hakurudi nasi. Basi tangu hapo Mama anakula tonge mbili, anasukuma sahani. Hospitali walimpima, ugonjwa hawakuuona. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni akinawa. Niliogopa, nasema kweli. Niliona kabisa kwamba namzika.

Siku ya pili ya Idi nikamwambia mume wangu, Momade, aazime gari tumpeleke kwenye ziwa la msituni, ndani huko ukishaipita Mute, ambako watu huenda kuogelea na kupumzika. Labda hewa ingemfungua tumbo.

Sijui nikuelezeje lile ziwa. Maji yametulia, meusi kwa kivuli cha miti, katikati mayungiyungi meupe, na ndege wana rangi ambazo hata kapulana, vitenge vyetu vya dukani, hazina. Momade akaogelea mpaka macho yakawa mekundu. Mama alikaa mkekani akatazama, akasema pazuri. Neno hilo moja lilinifurahisha kuliko Idi yenyewe.

Nikapakua wali wa nazi na pweza kwenye sinia. Kwetu huli nje bila kukaribisha, hata kama huoni mtu. Mama akasema karibuni, kwa sauti ndogo, na papo hapo akageuza uso asikione chakula. Nikaudhika. Nikapaza sauti kuelekea msituni: karibuni, chakula kipo tele, hapa hatuna mlaji. Nilikuwa namchokoza tu. Ningejua?

Akatokea mwanamke. Alitoka upande wa majini, ambako hakuna njia, na kapulana zake kavu. Usoni amepaka msiro, ule weupe wanawake wetu wanaotunzia ngozi, mbichi kama umesagwa sasa hivi. Nimeona maharusi wengi, lakini mzuri kama yule sijamwona, na mwendo wake ulinifanya nami nijifunge nguo yangu vizuri. Akatoa salamu, tukaitikia, akaketi karibu na Mama.

Nikamnawisha. Niamini: maji niliyomimina yalipita mikononi mwake, na mchanga chini ukabaki mkavu. Nikatazama birika, nikatazama mchanga. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Akala upande wake wa sinia, amefumba macho kwa utamu. Halafu akamuuliza Mama mbona hali. Mama akajibu kwamba mwanawe hayupo, yeye ale kwa raha gani.

"Mama, kule niliko tunaomba harufu tu itupitie," akasema yule mgeni. "Wewe una mtoto huyu hapa, kakupikia chakula, nawe unakiacha?"

Hakusema kwa ukali. Akafinya tonge, akamtia Mama mdomoni. Mama akala. Akala tena, kisha akanyoosha mkono mwenyewe kutafuta pweza. Nilikuwa nalia, kwa hofu na kwa furaha.

Alipomaliza alishukuru, akaingia kwenye mayungiyungi, hatukumwona tena. Ndipo nikaliangalia sinia. Upande wake ulikuwa umejaa vilevile, hata punje haikupungua.

"Huo msiuguse," Mama akasema.

Momade akatikisa kichwa. "Wali mzima huu tumwage, Mama? Não, hapana. Ni dhambi."

Akaumaliza. Akasema hauna chumvi wala nazi, ni kama kutafuna karatasi. Nasi tukamcheka.

Mama sasa amenenepa. Ananigombeza mchuzi ukiwa mwepesi, na akimlilia mwanawe, anamlilia akiwa ameshiba. Lakini Momade hajasikia ladha ya kitu tangu siku ile. Asali, ndimu, chumvi ya mawe, kwake vyote ni kimoja. Mashehe wamemsomea, hospitali tumekwenda. Yule mwanamke simchukii. Alinirudishia mama yangu, na kila nikisali namwombea.

Wewe nenda ziwani, kaogelee, utafurahi kama tulivyofurahi sisi. Mgeni akija mkaribishe, umnawishe kwa heshima. Ila alichobakiza usikitie mdomoni, hata kiwe kizima namna gani. Ukidhani nakutania, njoo kwetu wakati wa chakula. Mume wangu akishatia tonge mdomoni hunigeukia akauliza, "Leo kina utamu gani?" Nami humweleza polepole, nazi ilivyokolea, pilipili ilivyo kali, naye anatafuna akinisikiliza.