Vidonge Kwenye Kikapu cha Chai

Harufu ya majani mabichi ya chai yaliyopata joto kikapuni hunirudisha kijijini kwetu Gesima, likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mitano na figo ya mama yangu. Alikuwa amenipa moja yake mwaka uliotangulia, zangu zilipokufa, na tangu siku hiyo salamu zake za asubuhi hazikunihusu mimi. "Figo yangu imeamkaje?" aliuliza saa moja kamili, akinikabidhi vidonge na kikombe cha maji. Daktari alikuwa ametuonya: bila vidonge hivyo, asubuhi na jioni, mwili wangu ungeishambulia figo ile kama mgeni aliyeingia bila hodi. Na mama hakuwa na nyingine ya kugawa.

Nilijua hayo yote. Lakini nilijua pia kwamba vidonge vilinivimbisha mashavu na kuniotesha masharubu, mimi msichana. Kila Sabato akina mama wa kanisani walinifinya mashavu. "Huyu amenona! Mnamlisha nini?" Naye mama, bila haya, alijibu kwamba ni maziwa ya ng'ombe wetu. Shuleni wavulana waliniita Mwalimu Mkuu. Isitoshe, nilijihisi mzima. Nilikimbia, niliruka kamba, na vidonge tu ndivyo vilivyonikumbusha ugonjwa. Basi nikaanza kuvificha shavuni, ambako sasa nafasi ilikuwa tele, ili nikaviteme shambani.

Asubuhi moja mama alichuma mstari wa pili kutoka wangu, macho kwangu. Nikavitemea kiganjani, katikati ya majani, na mkono wangu, kwa mazoea ya kila mchuma chai, ukatupa vyote juu ya bega, kikapuni.

Mchana, kwenye kituo cha kuuzia majani, karani alimwaga kikapu changu mezani akitafuta vijiti na majani makuukuu. Akainua kidonge. Akainua kingine.

"Mama Kwamboka," akasema hadi mwisho wa foleni ukasikia, "chai yenu inaumwa?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinivuta nyuma ya kituo, akapandisha blauzi na kunionyesha kovu ubavuni.

"Kama hutaki kuitunza, Kwamboka, nirudishie."

Nikalia, nikamweleza habari za mashavu na masharubu. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama mimi, si figo.

"Kumbe masharubu unayo kweli!" akasema, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

Kesho yake hospitalini damu ilionyesha figo bado inafanya kazi. Daktari alinigombeza, kisha akatuambia kwamba dozi ingepunguzwa kidogo kidogo. Naye karani hakukubali tena kupima majani yetu kabla ya kunikagua: "Fungua! Inua ulimi!" Foleni nzima ilichungulia, ingawa saa nane mchana hapakuwa na kidonge cha kutafutwa.

Siku hizi naishi Nairobi na kuandika riwaya. Mashavu yalipungua, masharubu nayo yakaaga. Simu yangu hulia saa moja jioni kunikumbusha dawa, nami naweza kuinyamazisha kwa kidole. Lakini dakika moja baadaye hulia tena: ni mama, na huyo hanyamazishwi.

"Kwamboka, hujambo?" huuliza sasa, kwanza. Kisha: "Na figo yangu?"

"Imeshakula, mama."

"Fungua mdomo."

Nami, peke yangu jikoni, nafungua.