Kitufe cha "Siyo kweli!"

Leo bibi yangu amemkatiza babu mbele ya wageni, na mimi nimelia kwa furaha! 😂

Bibi anaishi Meru. Tangu apate kiharusi hasemi.

Nilimtengenezea kishikwambi chenye picha. Akibonyeza, kinatamka: maji, kahawa, dawa, mimi.

Wiki nzima hakukigusa.

Jana nikakumbuka bibi ni mtu wa kubishana. Nikaongeza kitufe kikubwa chekundu.

Leo babu anawasimulia wageni jinsi alivyopanda shamba lote la kahawa peke yake, mara tukasikia:

"Siyo kweli!"

Wote tukamgeukia bibi.

Bibi akabonyeza tena. "Mimi." Halafu, "Kahawa."

Babu akacheka mpaka machozi. "Jamani, ni kweli. Aliipanda yeye. Mimi nilikuwa mjini."

Bibi yangu amerudi!

Haya, kwenu nani nimtengenezee?