Khor ya Tatu

Chama chetu cha jiografia hukutana Jumamosi katika duka la fundi cherehani, mama mmoja Mganda, huku Gurei, mtaa wa Juba. Tuko saba, karibu wote tulikulia ukimbizini Uganda. Hatuna ukumbi wala picha za waasisi ukutani. Tuna sheria moja: jina haliingii kwenye ramani mpaka mwanachama afike mahali penyewe kwa miguu na kulisikia kwa wanaoishi pale.

Sheria hiyo niliivunja mimi, katibu.

Chama kikongwe cha ng'ambo, kimojawapo cha vile vilivyowavisha wasafiri medali kwa njia walizoonyeshwa na wapagazi, kilitaka kuchapisha ramani ya Juba. Kikatuomba majina ya khor, vile vijito vinavyojaa wakati wa mvua tu. Nilikuwa na haraka, na kiburi pia. Tangu nikiwa mdogo kambini mama yangu alinikaririsha: ukitoka bandarini, kule mtoni Nile, kwenda Gurei, khor ya tatu ndiyo tuliyoteka maji, inaitwa Mla Mbuzi. Nikahesabu kwenye picha ya setilaiti, moja, mbili, tatu, nikaandika.

Mjumbe wao akaenda kuhakikisha. Wakazi wakamcheka, jina hilo si la pale. Akarudi dukani, mpole kupita kiasi, akasema kwa kuwa majina yetu hayaaminiki, khor zote zitapewa namba. Wenzangu wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hasira ilizidi aibu. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na mama yangu hakuwahi kuteka maji kwenye namba. Nikamwambia mjumbe anipe siku moja, na aje na viatu vya kutembelea.

Kesho yake tulianzia bandarini, mimi, mjumbe na mama. Mama alikataa katakata kupanda bodaboda. Magoti yakimchoka anakaa, akipata nafuu anainuka. Khor ya kwanza tuliivuka. Kisha akasimama mbele ya safu ya vibanda, akagonga chini kwa fimbo yake.

"Ya pili iko hapa chini," akasema. "Hawa watu iko wanauza soda juu ya maji."

Mwenye kibanda akakiri kwamba kila mvua maji humtokea sakafuni. Hapo nikaelewa. Khor moja ilifukiwa tukiwa ukimbizini, nami nilihesabu mji wa leo kwa hesabu ya mama ya zamani. Tuliyoitafuta ilikuwa mbele kidogo, imejaa maji ya mvua. Wanawake waliokuwa wakifua pale tukawauliza inaitwaje, bila kuwadokeza. Wakasema Mla Mbuzi. Mama akavua viatu, akaingia majini na kitenge chake.

Mjumbe alifungua ramani yake, akafurahi kweli. Akasema ataweka namba, na jina letu ataliandika dogo pembeni, kama nafasi itatosha.

"Futa namba," nikamwambia. "Nafasi itatosha."

Akafuta. Nikamtaka achore na ile ya pili, kwa nukta, chini ya vibanda. Akachora. Akauliza kwa upole ule ule aandike nani kuwa ndiye aliyeigundua Mla Mbuzi, maana chamani kwao kuna sehemu ya kujaza. Nilimwonyesha mama, aliyekuwa bado majini akiosha uso, nikamwambia aandike kwamba haikuwahi kupotea.