Sabuni Chini ya Rangi ya Tangi

Wewe uliyebeba tangi la pikipiki kuukuu, unayetaka kulirudishia mng'ao wake, njoo tuketi kwanza. Kazi hii mikono yako itaiweza. Lakini kabla sijakuonyesha msasa wala rangi, nisikilize kidogo kuhusu tangi la baba yangu, maana mpaka leo sijalisahau.

Baba anaishi Bungoma. Pikipiki yake ni ya zile za kale, na kwa miaka mingi ilikuwa imesimama ghalani, kuku wakitaga kwenye kiti chake. Mwaka jana akasema anataka kuiendesha tena kwenda kanisani. Kazi yangu mimi, hapa Kitale, ndiyo hiyo: kuondoa kutu kwenye vyuma vya pikipiki za zamani na kuvirudishia sura. Nikalichukua tangi.

Kutu ya ndani haifikiwi na msasa. Mimi hutumia molasi, ile ile tunayowapa ng'ombe. Unaizimua kwa maji mengi, unalijaza tangi, unaliacha wiki kadhaa. Kutu inalainika na kuachia chuma pole pole. Mchanganyiko utachacha na kunuka, usiogope. Jirani yangu alichungulia juu ya ua akauliza, "Sasa jirani, hiyo pombe ya busaa itaiva lini? Nilete mrija wangu?"

Nilikuwa bado nacheka nilipoona tone chini ya tangi. Kisha jingine. Nikalimwaga, nikakwangua rangi ya chini karibu na tundu la koki, pale petroli inapotokea, na vikatoka vipande vyeupe vyenye utelezi. Nikavinusa. Sabuni! Nikaliinua tangi juani na kuchungulia ndani: mwanga ulipenya kwa vitundu kama vya chekeche.

Nikampigia baba simu.

"Ee, niliziba na sabuni ya kipande," akasema, bila wasiwasi wowote. "Zamani tukiishi Kapsokwony sisi wote tulikuwa tunafanya hivyo. Petroli haiwezi sabuni. Nikapiga rangi juu. Si ilishika, mama?"

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na ni kweli, ilishika. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo huilainisha. Lakini mimi nilikuwa mtoto anayekaa juu ya tangi hilo, katikati ya mikono yake, tukishuka miteremko ya Kapsokwony, injini ikichemka chini ya magoti yangu. Mara ngapi mvua ilitunyeshea, sabuni ikilainika juu ya injini yenye moto? Nilikaa chini nikiwa nimelishika lile tangi, na sikufanya kazi nyingine siku hiyo.

Vitundu vilihitaji kuchomelewa, na mchomeleaji wa familia ni ndugu yangu mdogo, mwenye kibanda chake hapo Bungoma. Nikampelekea. Baba naye akaja, akaketi kwenye kreti kutazama. Ndugu yangu akalipindua tangi, akafungua gesi, akawasha moto.

"Ngoja," nikamwambia. "Linanuka petroli."

"Ati petroli? Sista, si umesema limelala kwa molasi wiki kadhaa? Petroli gani itabaki?"

"Iliyojificha kwenye maungio. Weka moto kando."

"Wewe unaogopanga hata kiberiti bana."

"Mama, mwache afanye kazi," baba akasema.

Sikumwacha. Nililikumbatia tangi kifuani kama mtoto anayenyang'anywa kitu chake, nikijua naonekana kichekesho. Ndugu yangu ana mke na watoto wadogo. Ningewaambia nini? Nikadai maji. Tukafunga mdomo wa tangi kwa kifuniko na mpira, tukaligeuza chini juu, nikamimina maji kupitia tundu la koki. Nilipomimina karibu kujaa, ndugu yangu akachoka.

"Inatosha! Ukijaza sana chuma hakitapata moto. Ona, hakuna kitu humu." Akasogeza moto kwenye tundu la koki, kwa mzaha tu, ili kunionyesha.

Tangi likalia: bu!

Ulimi wa moto wa samawati ukaruka kutoka tunduni ukapita kando ya shavu lake. Ulikuwa mdogo na ulikufa papo hapo. Kilichowaka ni mvuke wa petroli kwenye ile hewa kidogo iliyobaki juu ya maji. Ndugu yangu alisimama akijigusa nyusi, moja baada ya nyingine. Kisha akazima gesi.

Baba akainuka kwenye kreti. "Na kama lingekuwa tupu?" akauliza. Akachukua ndoo akaenda bombani mwenyewe.

Tulilimwaga tangi tukaliosha kwa maji moto na sabuni ya unga, tukarudia hadi harufu ikaisha kabisa, hata kwenye maungio. Ndipo tukalijaza tena, maji yakasimama chini kidogo tu ya vitundu. Shaba ya kuzibia ilikataa kushika mwanzoni kwa sababu ya ubaridi wa maji. Ndugu yangu alipasha kila kitundu kwa subira, kichwa amekiweka mbali. Vyote vikazibika. Rangi niliipiga baadaye hapa Kitale, na ikatoka nyekundu nzuri, lakini hiyo tutaizungumza mkono wako ukiwa na msasa.

Kwa sasa lete tangi lako. Likwangue rangi yote ya chini uone kilichofichwa. Ukikuta kitundu, lioshe kwa maji moto na sabuni ya unga hadi lisinuke, lijaze maji mpaka karibu na kitundu chenyewe, acha tundu la koki wazi ili mvuke upate pa kutokea, na hakikisha hakuna uso wa mtu ulioelekea tundu hilo kabla moto haujawashwa.